Tiba asilia: mjue anayekutibu

Mazungumzo kwa wakazi wa Kiirua, Kaunti ya Meru



Siku ya soko haikosi mtu aliyetandaza turubai, akapanga magome, mizizi na chupa za maji ya rangi ya kahawia, huku kipaza sauti kikitaja magonjwa: presha, sukari, vidonda vya tumbo, mgongo, nguvu za kiume. Mjini kuna duka lenye bango la kliniki ya tiba asilia, na ndani ameketi mtu mwenye koti jeupe na mashine ya kupima presha. Kijijini yuko mzee anayejua gome la kikohozi, na haweki bango popote. Watu wote hawa watatu huitwa madaktari wa mitishamba. Kazi zao hazifanani, na mgonjwa asiyewatofautisha anaweza kupoteza zaidi ya pesa.

Tuanze na wa nyumbani. Wameru walimtofautisha mugaa, anayeponya, na mrogi, anayedhuru. Mugaa aliishi na watu aliowatibu. Wakijua amefundishwa na nani, wakajua pia waliopona na wasiopona mikononi mwake. Akikosea, wazee walijua mlango wa kubisha. Muuzaji wa turubai leo yuko hapa, kesho yuko Isiolo, na nambari ya simu iliyobandikwa kwenye chupa huenda isishike tena wiki ijayo.

Yule wa kliniki anafuata elimu nyingine, iitwayo naturopathia. Mizizi yake iko Ulaya. Katika karne ya 19 kasisi mmoja wa Bavaria, Ujerumani, Sebastian Kneipp, alipata umaarufu kwa kutibu watu kwa maji baridi, mimea, chakula cha kawaida na mazoezi. Mfuasi wake Benedict Lust aliipeleka tiba hiyo Marekani, na huko ndiko jina hilo lilikoenea mwanzoni mwa karne ya 20. Msingi wake ni kwamba mwili una uwezo wa kujiponya ukisaidiwa.

Mtaalamu aliyesomea kazi hii kwanza husikiliza. Anaweza kukaa na mgonjwa saa nzima akimuuliza anakula nini, analala saa ngapi, anafanya kazi gani, ana wasiwasi gani. Kisha humwambia apunguze chumvi, sukari na mafuta, aongeze mboga, atembee, alale. Anaweza kumkanda mwili, kumpa tiba ya maji au kumwandalia mitishamba. Sehemu kubwa ya ushauri huo ni mzuri, na daktari wa hospitali angeutoa pia kama foleni ingemruhusu. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2010 viwango vya mafunzo ya kazi hii: si chini ya saa 1,500 za masomo, na kati ya hizo saa 400 za kutibu chini ya usimamizi. Semina ya wikendi mbili haifiki hapo, hata kama cheti chake kina muhuri wa dhahabu.

Sheria ya Kenya haijaipuuza tiba hii. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ina sehemu nzima kuhusu tiba asilia na tiba mbadala. Inataka kuwe na chombo cha kuisimamia kitakachoundwa kwa sheria ya Bunge, na inataka kuwe na utaratibu wa matabibu hao kuwapeleka wagonjwa hospitalini. Dawa zenyewe, zikiwemo za mitishamba zinazouzwa zikiwa zimefungashwa, husajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Na anayejiita daktari wa hospitali lazima awe kwenye orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, orodha ambayo mtu yeyote anaweza kuitazama kwenye intaneti. Kwa hivyo mgonjwa akiuliza, "Umesajiliwa na nani, na kwa kazi gani?" hajamkosea mtu heshima. Cheti kutoka idara ya utamaduni kinamtambua mtu kama mganga wa kienyeji. Hakimfanyi kuwa daktari wa figo.

Sasa tuzungumzie mti unaojulikana na kila mzee wa mlima huu: mweria. Gome lake limetumiwa tangu zamani, na miaka ya 1960 Wafaransa walianza kutengeneza dawa kutokana nalo kwa ajili ya wanaume wazee wanaopata shida ya kukojoa kwa sababu ya kuvimba kwa tezi dume. Tafiti zilionyesha kuwa baadhi yao hupata nafuu ya kiasi: huamka mara chache usiku, na mkojo hutoka vizuri kidogo. Ulaya walilitaka gome hilo hata miti ikaanza kuisha, na tangu mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa kwa mkataba wa CITES. Mti ukichunwa gome pande zote hufa. Anayechuna msituni bila kibali anavunja sheria, na anawanyima wajukuu wake dawa.

Basi mweria una dawa. Hatari iko mahali pengine. Mzee anayeamka mara tano usiku kukojoa anaweza kuwa na tezi iliyovimba tu, na anaweza kuwa na saratani. Dalili zinafanana. Mweria unaweza kumpunguzia shida ya kukojoa lakini hautibu saratani, kwa hivyo akinywa kwa miaka miwili akajisikia afadhali, ugonjwa unaweza kuendelea kimya hadi ufike mifupani. Mtaalamu mwaminifu wa tiba asilia hatampa mzee huyo gome kabla hajapimwa hospitalini. Hicho ndicho kipimo kizuri zaidi cha kumjua.

Wengi bado wanakumbuka kikombe cha Loliondo. Mwaka 2011 maelfu ya watu, Wakenya wakiwemo, walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Tanzania, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe kimoja kwa shilingi 500 za huko. Bei haikumuumiza mtu. Kilichowaumiza watu ni kuacha dawa za virusi, za sukari na za presha wakiamini wamepona. Dawa ya presha ikiachwa, mwili haupigi kelele. Mtu hujisikia mzima hadi siku anapoanguka na kupooza upande mmoja. (Na anayetafuta majani ya kushusha presha huku shavu limejaa miraa, aanze na miraa, hiyo hupandisha presha na mapigo ya moyo.)

Kuchanganya nako kuna madhara. Shubiri ikinywewa kwa wingi huharisha na kupunguza madini yanayouendesha moyo. Kitunguu saumu kingi pamoja na dawa ya kuzuia damu kuganda kinaweza kuleta kutokwa damu. Tena, sehemu nyingi duniani wapimaji wamekuta dawa "asilia" za viungo au za nguvu za kiume zikiwa zimetiwa kwa siri vidonge vya kawaida vya dukani, steroidi zikiwemo. Chupa ikiondoa maumivu ya miaka kumi kwa siku mbili, tilia shaka kilichomo.

Yako mambo yasiyosubiri mtu yeyote wa mitishamba, awe mwema kiasi gani: chakula kukwama kooni, damu kwenye mkojo au choo, uvimbe kwenye titi, homa kwa mtoto mdogo, mama mjamzito kutokwa damu. Hayo ni ya hospitali siku hiyo hiyo. Saratani ya koo imewachukua watu wengi katika eneo hili, na mara nyingi huanza kwa mtu kuacha nyama, kisha githeri, akabaki na uji, huku akinunua dawa ya "vidonda".

Kwa anayetumia mitishamba tayari: usiache kwa kuogopa kugombezwa, na usifiche. Ukienda zahanati au hospitali, beba chupa au gome lenyewe, useme unakunywa kiasi gani na tangu lini. Mhudumu anahitaji kujua hilo kabla ya kuandika dawa. Mhudumu wa afya ya jamii katika kijiji chako anaweza kukupima presha na kukuelekeza kituo kilicho karibu.