Donda Ndugu na Dawa za Kuamsha Kinga ya Mwili



Mkulima wa Mgeta au Kinole anayeteremka na mzigo wa kabichi au ndizi huzitegemea nyayo zake kama anavyolitegemea jembe. Mtu mwenye kisukari anapokatwa mguu huko kwenye miteremko ya Uluguru, hupoteza shamba pamoja na mguu.

Kisukari hudhuru mishipa ya fahamu hadi unyayo ukafa ganzi. Mwiba huchoma, jiwe hukwaruza, na mwenyewe hana habari. Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake wameandika hata juu ya wagonjwa waliotafunwa miguu na panya usiku wakiwa usingizini. Si hayo tu. Sukari ikizidi katika damu, chembechembe nyeupe, ambazo ndizo askari wa mwili, hulegea na kuchanganyikiwa. Zile zilizopaswa kusafisha jeraha, kisha zigeuke kuwa wajenzi wa nyama mpya, hubaki katika vita visivyokwisha. Hivyo ndivyo mchubuko mdogo unavyogeuka donda ndugu.

Kwa hiyo wataalamu wametafuta dawa ya kupakwa juu ya kidonda ili kuwaamsha askari na wajenzi hao. Mwaka 1997 Marekani iliruhusu jeli ya becaplermin, yenye kichocheo cha ukuaji mfano wa kile kinachotolewa na chembe za kugandisha damu penye jeraha. Mwaka 2021 yakatangazwa matokeo ya krimu iitwayo ON101, iliyotengenezwa Taiwan kutokana na mimea miwili, Plectranthus amboinicus na Centella asiatica. Krimu hiyo husaidia chembechembe zilizokwama vitani kurejea kwenye ujenzi. Wagonjwa 236 walijaribiwa kwa majuma 16: waliopakwa krimu walipona kabisa asilimia 60.7, na waliofungwa bandeji ya kufyonza majimaji asilimia 35.1.

Hayo ni maendeleo ya kweli, lakini hapana budi yasomwe kwa makini. Hata kwa dawa hiyo, karibu wagonjwa wanne katika kila kumi hawakupona katika muda huo. Tena mimea hiyo humea Afrika Mashariki pia, na atatokea mtu wa kusema majani yatwangwe na kubandikwa kidondani. La hasha! Krimu iliyosafishwa na kupimwa si sawa na majani yenye udongo, na kuyabandika kwenye unyayo wenye ganzi ni kuualika uozo.

Isitoshe, hakuna krimu itakayojenga nyama mahali ambapo mgonjwa anapakanyaga kutwa nzima. Nyama iliyokufa iondolewe, sukari ishushwe, usaha utibiwe, na mguu upumzishwe. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote kwa mama mwenye shamba mlimani. Kumwamuru apumzike bila ya kuuliza nani atambeba mtoto na nani atateka maji ni maneno matupu.

Tangu mwaka 2004, mpango wa Hatua kwa Hatua umewafunza madaktari na wauguzi wa Tanzania, wawili wawili, kutunza miguu ya wenye kisukari. Ujuzi huo haudai mashine. Muuguzi wa zahanati ya mlimani humwambia mgonjwa avue viatu, hutazama chini ya unyayo na katikati ya vidole, kisha akiona kidonda humpeleka hospitali ya mkoa mjini Morogoro siku hiyo hiyo, kabla harufu haijaanza.