Miaka Miwili au Minne: Maandalizi ya Muuguzi Aliyesajiliwa Nchini Marekani

1. Njia mbili, leseni moja

Nchini Marekani, anayetaka kuwa muuguzi aliyesajiliwa ana njia mbili kuu za kupitia. Ya kwanza ni shahada ya miaka miwili, itolewayo zaidi na vyuo vya jamii vilivyotapakaa hadi miji midogo. Ya pili ni shahada ya kwanza ya miaka minne, itolewayo na vyuo vikuu. Stashahada ya shule za hospitali, ambayo zamani ndiyo iliyotoa wauguzi wengi zaidi, imebaki na shule chache. Wahitimu wote hufanya mtihani uleule wa leseni, NCLEX-RN, na wanaofaulu hupewa leseni ileile.

Makala hii inalinganisha njia hizo mbili kwa chimbuko, masomo, matokeo kwa mgonjwa na nafasi ya kujiendeleza. Hoja yake ni kwamba shahada ya miaka minne ina manufaa kwa mgonjwa, na kwamba manufaa hayo yatawafikia wagonjwa wengi zaidi iwapo muuguzi wa miaka miwili atasaidiwa kuendelea na masomo kuliko iwapo atazuiwa kuingia katika taaluma.

2. Chimbuko

Hadi katikati ya karne ya 20, wauguzi wengi wa Marekani walifunzwa na hospitali kwa miaka mitatu. Mwanafunzi alikuwa pia mfanyakazi: aliishi bwenini, alishika zamu, na mara nyingi mahitaji ya wodi ndiyo yaliyoamua ajifunze nini na lini. Vyuo vikuu viliingia polepole. Chuo Kikuu cha Minnesota kilifungua shule ya uuguzi mwaka 1909, na Yale mwaka 1923. Mwaka 1948 Esther Lucile Brown alichapisha ripoti iliyotaka mafunzo ya uuguzi yahamie kwenye taasisi za elimu ya juu.

Wakati huo hospitali zilikuwa na uhaba mkubwa wa wauguzi uliofuata Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1951, katika tasnifu yake ya udaktari kwenye Chuo Kikuu cha Columbia, Mildred Montag alipendekeza aina mpya ya muuguzi: fundi wa uuguzi, atakayesoma chuoni kwa takriban miaka miwili na kufanya kazi akiongozwa na muuguzi mwenye elimu ya chuo kikuu. Majaribio yalianza mwaka 1952 katika vyuo saba na hospitali moja. Wahitimu walifaulu mtihani wa leseni, hospitali zikawapokea, na programu hizo zikaenea nchi nzima.

Mgawanyo wa kazi aliokusudia Montag, hata hivyo, haukutekelezwa. Fundi wa uuguzi alipewa leseni ya muuguzi aliyesajiliwa na kukabidhiwa wagonjwa sawa na mwenzake wa chuo kikuu. Mwaka 1965 Chama cha Wauguzi cha Marekani kilitoa tamko kwamba shahada ya miaka minne iwe kiwango cha chini cha muuguzi wa kitaalamu. Jimbo la North Dakota peke yake ndilo lililoligeuza tamko hilo kuwa sharti la kupata leseni, katika miaka ya 1980, nalo likaliondoa mwaka 2003.

3. Masomo

Msingi wa programu zote mbili ni mmoja: anatomia, fiziolojia, mikrobiolojia, famakolojia, uuguzi wa magonjwa ya ndani na upasuaji, afya ya mama na mtoto, na afya ya akili. Katika zote mwanafunzi hufanya mazoezi wodini chini ya mkufunzi. Pia miaka miwili ya jina mara nyingi hukaribia mitatu, kwa kuwa masomo ya sayansi ya awali hutangulia masomo ya uuguzi wenyewe.

Shahada ya miaka minne huongeza takwimu na utafiti, afya ya jamii, uongozi, sera ya afya, matumizi ya taarifa za kidijitali, pamoja na masomo ya jumla ya sayansi na jamii. Nyongeza hiyo haimfundishi muuguzi kuweka dripu vizuri zaidi. Humwandaa kusoma utafiti mpya na kupima kama unawafaa wagonjwa wake, kutambua kwamba maambukizi yanayojirudia wodini yana chanzo kimoja, na kupanga huduma ya mgonjwa wa kisukari baada ya kurudi nyumbani.

Mtihani wa leseni hauioneshi tofauti hiyo vizuri, kwa sababu hupima uwezo wa kuanza kazi kwa usalama. Ndiyo maana viwango vya kufaulu vya makundi haya mawili hupishana kwa pointi chache tu.

4. Ushahidi kutoka wodini

Utafiti unaotajwa zaidi ni ule wa Linda Aiken na wenzake, uliochapishwa mwaka 2003 baada ya kuchunguza hospitali 168 za Pennsylvania. Ulionesha kwamba kila ongezeko la asilimia 10 la wauguzi wenye shahada ya miaka minne au zaidi liliambatana na kupungua kwa asilimia 5 kwa uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30. Mwaka 2014 timu iliyoongozwa na Aiken ilichapisha matokeo ya hospitali 300 katika nchi tisa za Ulaya: ongezeko kama hilo liliambatana na upungufu wa asilimia 7, huku kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi akiambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano huo wa kufa.

Matokeo haya yasomwe kwa uangalifu. Yalilinganisha hospitali na hospitali, si muuguzi na muuguzi. Watafiti walizingatia ukubwa wa hospitali, teknolojia yake na hali za wagonjwa, lakini uchunguzi wa namna hii hauwezi kuthibitisha peke yake kwamba shahada ndiyo sababu. Aidha, idadi ya wagonjwa kwa muuguzi ina uzito wake. Muuguzi mwenye shahada aliyelemewa na wagonjwa hana nafasi ya kugundua mapema kwamba pumzi ya mgonjwa aliyetoka upasuaji imeanza kwenda mbio. Elimu na idadi ya kutosha ya wauguzi hutegemeana.

5. Gharama na nafasi ya kuingia

Ada za vyuo vya jamii ni nafuu, na muda mfupi humwezesha mhitimu kuanza kupata mshahara mapema. Kwa mzazi anayelea watoto, mtu mzima anayebadilisha kazi, au mkazi wa kijijini asiyeweza kuhama, mara nyingi hii ndiyo njia pekee. Hospitali za maeneo hayo hutegemea wahitimu wanaotoka palepale na kubaki palepale.

Mipaka huonekana baadaye. Jeshi la Marekani hutaka shahada ya miaka minne kwa maofisa wake wauguzi, California huitaka kwa cheti cha uuguzi wa afya ya jamii, na hospitali nyingi kubwa huipa kipaumbele katika ajira na vyeo. Masomo ya uzamili nayo kwa kawaida huanzia hapo.

6. Kuziunganisha njia mbili

Mwaka 2010 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipendekeza asilimia 80 ya wauguzi wawe na shahada ya miaka minne ifikapo 2020. Lengo hilo halikufikiwa kwa wakati, lakini lilizichochea programu za kujiendeleza, ambamo muuguzi mwenye leseni humalizia shahada kwa mwaka mmoja hadi miwili, mara nyingi kwa njia ya mtandao, huku akiendelea na kazi. New York ilifuata mantiki hiyo katika sheria iliyosainiwa Desemba 2017: muuguzi mpya anaweza kuanza na shahada ya miaka miwili, lakini apate ya minne ndani ya miaka 10. Waliokuwa tayari na leseni au masomoni hawakuhusishwa.

Utaratibu huo hufanikiwa pale vyuo vikuu vinapoyatambua masomo ya vyuo vya jamii bila kuyarudia, na waajiri wanapochangia ada na kupanga zamu zinazoacha muda wa kusoma.

7. Uhusiano na Afrika Mashariki

Tanzania na Kenya nazo zina stashahada ya miaka mitatu na shahada ya miaka minne. Kenya imekwisha kuonesha kwamba kujiendeleza kazini kunawezekana: kuanzia mwaka 2005, shirika la afya la Amref na Baraza la Wauguzi la Kenya waliwawezesha wauguzi wa ngazi ya cheti kusomea stashahada kwa kompyuta bila kuacha vituo vyao. Mpangilio kama huo, ukifikishwa hadi ngazi ya shahada, unahitaji mambo matatu: mitaala inayopokezana, ada inayobebeka kwa mshahara wa muuguzi, na muundo wa utumishi unaoitambua shahada mpya kwa cheo na majukumu. Jambo la tatu lisipokuwepo, muuguzi hurudi na elimu kubwa katika kazi ileile, na mgonjwa hanufaiki ipasavyo na elimu hiyo.