Uzito wa Mama na Mimba ya Mapacha

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kericho)



Katika nchi yetu hii ya majani chai mwanamke mnene husifiwa. Husemwa kwamba mumewe anamtunza. Naye akichukua mimba ya mapacha, watu hufurahi kwamba ana nguvu za kubeba wawili. Kwa heshima zote nasema kwamba huyo ndiye wa kuangaliwa kwanza.

Maradhi ninayoyataja ni yale yatanguliayo kifafa cha mimba. Baada ya juma la 20 shinikizo la damu hupanda, na mara nyingi protini huonekana katika mkojo. Mimba ya mapacha huzidisha hatari hiyo mara mbili au tatu, na unene wa kabla ya mimba huiongeza tena. Nao unene unaenea: katika uchunguzi wa taifa wa 2008–09, robo ya wanawake wa Kenya walikuwa na uzito uliopita kiasi, mwaka 2014 walikuwa theluthi.

Lakini mtu asirudi nyumbani akamnyime mkewe chakula! Kwa vipimo vilivyotolewa Marekani mwaka 2009, hata mama mnene sana mwenye mapacha hutarajiwa kuongeza kilo 11 hadi 19. Wala mwembamba asidhani amesalimika, kwa maana mizani haipimi shinikizo la damu. Uzito ukipanda ghafula, uso na mikono ikivimba, hayo si mafuta, ni maji.

Jambo kubwa ni kuwahi. Aspirini ya kiasi kidogo, kwa amri ya daktari, hupunguza hatari ikianzwa kabla ya juma la 20. Aanzaye kliniki mwezi wa sita amekwisha kuikosa faida hiyo. Sindano ya magnesiamu, ambayo utafiti mkubwa wa 2002 ulionyesha kuwa hupunguza kifafa kwa nusu, hutolewa hospitalini. Basi kichwa kikiuma sana, macho yakiingia kiwi, au maumivu yakishika chini ya mbavu, mama apelekwe Kericho, Kapkatet au Longisa usiku ule ule. Asingoje mume atoke zamu ya kiwandani, wala wazee wakae kushauriana.

Kwa hiyo naomba sanduku la chama litenge nauli ya safari hizo, itolewe pasipo kungoja kikao. Hesabu yake nitaiandika mimi, nanyi mtaikagua.