Gharama ya Mng'aro wa Dhahabu

Katika makumbusho ya Ulaya huonekana mitungi ya mapambo ya jiwe la shohamu, yenye mikono na vitako vya shaba iliyopakwa dhahabu, iliyoiga vyombo vya Wagiriki na Warumi wa kale. Watazamaji husifu jiwe, ilhali dhahabu ile ndiyo iliyogharimu maisha ya watu.

Fundi alichanganya dhahabu na zebaki, akaipaka shaba mchanganyiko huo, kisha akaitia motoni. Zebaki iligeuka mvuke, dhahabu ikabaki. Aliyeuvuta mvuke huo alitetemeka mikono, akang'oka meno, na wengi walikufa mapema.

Antoine-André Ravrio, mwenye karakana mashuhuri ya shaba mjini Paris, alifariki mwaka 1814. Katika wasia wake aliacha faranga 3,000 kwa yeyote atakayebuni kinga kwa mafundi hao. Mwaka 1818 mkemia d'Arcet alitunukiwa kwa kubuni tanuri lenye dohani ya kuutoa mvuke nje.

Hata leo, baadhi ya wachimbaji wadogo wa dhahabu nchini Tanzania huchoma zebaki mahali pa wazi, bila kinga yoyote. Aliyoyahofia Ravrio hayajakwisha.