Pangaboi Juu ya Tsavo

Injini ya jeti ya abiria huvuta hewa kwa pangaboi kubwa lililo mbele. Katika Embraer 190 za Kenya Airways, zinazopita juu ya Tsavo kwenda Mombasa, takriban sehemu tano za hewa hupita kando ya kiini cha injini na kuisukuma ndege. Sehemu moja tu huingia ndani, ikagandamizwa, ikachanganywa na mafuta, ikawaka. Moto huo huzungusha tabini, nayo tabini huzungusha pangaboi. Mapanga ya tabini yana vitundu vya hewa ya kuyapoza. Bila hiyo yangeyeyuka.

Sasa, hilo linamhusu vipi msikilizaji wa Voi? Kwa upande mmoja, uwanja wa ndege wa Ikanga, ulio Voi, ukipokea jeti, mtalii ataepuka saa nyingi barabarani, na hoteli zitapata wageni. Lakini upande wa pili ni huu: pangaboi hilo hilo hufyonza kokoto na ndege wa porini, na jiwe dogo tu laweza kumega ncha ya panga. Jeti hudai lami ndefu, inayofagiwa kila mara. Ndege ya rafadha haina makuu hayo, na treni ya reli ya SGR tayari husimama Voi.

Je, lami ya jeti ije kwanza, au rafadha na reli zinatosha?