Ya Kutoa Ni ya Nani? Gharama za Simu Tunapouziana Sisi kwa Sisi

Yafuatayo ni mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya wafugaji wa njiwa na wapenzi wa mimea ya vyungu, waliokutana kuuziana na kubadilishana walivyo navyo. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wakazi wote.

 

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo pesa zake ni kidogo lakini kelele zake ni kubwa. Mtu akimuuzia mwenzake jozi ya njiwa, mche wa waridi la jangwani, kitabu cha zamani au kipuri cha baiskeli, na malipo yakapita kwa simu, gharama za simu ni za nani?

Sizungumzii duka wala soko. Dukani bei imebandikwa ukutani na namba ya malipo iko pale pale. Nazungumzia mimi na wewe: mmoja ana njiwa waliozidi bandani, mwingine anatafuta njiwa wa aina hiyo hiyo. Hakuna kati yetu anayeishi kwa mauzo haya. Tunafanya kwa sababu tunapenda.

Wapo watakaosema, shilingi 29 ndizo za kuitiwa mkutano? Ndiyo, na nitaeleza kwa nini. Mfugaji wa njiwa hawezi kujifungia peke yake. Asipopata damu mpya kutoka kwa wenzake, ataishia kupandisha ndugu kwa ndugu, na makinda yatazidi kuwa dhaifu. Mpenda mimea naye hupata aina mpya kwa kipande cha tawi au mbegu kutoka uani kwa jirani. Watu wawili wakiacha kuuziana kwa sababu ya neno "nilikwambia utume na ya kutoa", hasara si shilingi 29 tena. Hasara ni jozi ambayo haitapatikana msimu ujao.

Na jambo hili halina hakimu. Tunayo Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1, lakini hakuna atakayepanda matatu kwenda kortini kudai ya kutoa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, yenyewe inawaachia muuzaji na mnunuzi wapange bei kwa mapatano yao, au kwa desturi waliyoizoea wanapouziana. Kwa hiyo, ndugu zangu, kazi ya kuweka desturi nzuri ni yetu sisi.

Gharama ni mbili, si moja

Ugomvi mwingi unaanza kwa kuchanganya vitu viwili. Kuna gharama ya kutuma na kuna gharama ya kutoa.

Ya kutuma inakatwa papo hapo kwenye salio la anayetuma. Kwa M-Pesa, kwa viwango vilivyotumika tangu ushuru ulipopanda mwaka 2023, kutuma hadi shilingi 100 ni bure. Kutuma kutoka 101 hadi 500 ni shilingi 7. Kutoka 501 hadi 1,000 ni 13. Kutoka 1,001 hadi 1,500 ni 23. Kutoka 1,501 hadi 2,500 ni 33, na kutoka 2,501 hadi 3,500 ni 53.

Ya kutoa inakatwa kwa mpokeaji, siku atakapokwenda kwa wakala kuchukua pesa mkononi. Kutoa kiasi chochote kati ya 101 na 2,500 ni shilingi 29. Kutoka 2,501 hadi 3,500 ni 52, na kutoka 3,501 hadi 5,000 ni 69.

Sehemu ya pesa hizi ni ushuru. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha ushuru wa bidhaa kwenye ada za kutuma pesa kwa simu kutoka asilimia 12 hadi 15. Viwango hubadilika, kwa hiyo kabla ya kupatana angalia vya siku hiyo.

Ninavyoona mimi

Pendekezo langu ni hili: kama hamkupatana vingine, anayetuma alipe ya kutuma, na anayetoa alipe ya kutoa.

Sababu yake ni nyepesi. Kila gharama imfuate mwenye uamuzi. Mnunuzi ndiye anayechagua kubaki Malindi na kutuma pesa kwa simu badala ya kuzibeba hadi Kaloleni. Ameokoa nauli na siku nzima, basi alipe hizo shilingi 13. Muuzaji naye, pesa ikishafika kwenye simu yake, ni yake. Anaweza kununua chakula cha njiwa kwa simu, kulipia umeme, au kumtumia mtoto karo. Anaweza pia kwenda kwa wakala. Hilo mnunuzi hawezi kuliamua wala kulijua, na si haki alipie.

Najua pingamizi lililopo. Mzee mmoja aliye ndani Ganze ataniuliza: "Mwanangu, huku kwetu anayeniuzia mtama hapokei pesa ya simu. Mimi sina budi kutoa. Mbona nipunjwe?" Swali hilo ni la haki, na jibu langu si kumwambia avumilie. Jibu langu ni kwamba aiweke gharama hiyo ndani ya bei tangu mwanzo, mnunuzi aione kabla hajakubali. Kinacholeta uchungu ni ya kutoa inayoibuka wakati mnunuzi ameshasema ndiyo na mzigo umeshafungwa. Hapo anahisi bei imepandishwa mgongoni mwake, hata kama ni kwa shilingi 29 tu.

Mtego wa bei zetu

Sasa naomba mtoe simu mfanye hesabu pamoja nami, kwa sababu hapa ndipo sote wawili tunapopoteza bila kujua.

Sisi hupenda bei zilizokamilika: 500, 1,000, 2,500, 5,000. Bei hizo ziko ukingoni kabisa mwa viwango vya kutuma. Ukiongeza hata shilingi moja unaingia kiwango cha juu.

Tuseme jozi ya njiwa ni shilingi 1,000. Mnunuzi akituma 1,000, anakatwa 13, kwa hiyo ametumia 1,013. Akiambiwa atume na ya kutoa, atatuma 1,029. Hapo ameshavuka 1,000, na sasa anakatwa 23. Jumla ni 1,052. Muuzaji ameongezewa 29, lakini mnunuzi ametoa 39 zaidi. Shilingi 10 zimekwenda na hazikumfikia yeyote kati yao.

Kwa bei ya 2,500 ni vibaya zaidi. Kutuma 2,500 kunagharimu 33, jumla 2,533. Ukiongeza ya kutoa unatuma 2,529 na kukatwa 53, jumla 2,582. Mnunuzi ametoa 49 zaidi ili muuzaji apate 29. Shilingi 20 zimepotea. Kwa bei ya 5,000, ukiongeza 69 ya kutoa, mnunuzi anatoa 90 zaidi.

Iko njia bora. Muuzaji atangaze bei mbili: "Taslimu 970, kwa simu 1,000." Mnunuzi wa simu anatuma 1,000 na kukatwa 13 tu. Muuzaji anatoa 970, anakatwa 29, na inabaki shilingi moja kwenye simu. Amepata alichotaka mkononi, na mnunuzi hakusukumwa kiwango cha juu. Mzee wetu wa Ganze hakupunjwa, na mnunuzi wa Malindi alijua kila kitu kabla ya kusema ndiyo.

Mambo yanapoharibika

Desturi nzuri ni ile inayojibu hata siku mbaya. Nitataja nne.

Kwanza, Fuliza. Muuzaji akiwa na deni la Fuliza, pesa ikiingia inakatwa yenyewe kulipa deni hilo. Anatazama salio anaona 600, anapiga simu: "Mbona umenitumia pungufu?" Mnunuzi ametuma kamili. Deni ni la muuzaji, na ni vizuri alitazame kabla hajamlaumu mwenzake. Vivyo hivyo, mnunuzi akitumia Fuliza kulipa, ada ya mkopo huo ni yake.

Pili, namba isiyo sahihi. Simu inakuonyesha jina la mpokeaji kabla pesa haijaondoka. Lisome. Ukituma kwa mtu mwingine kwa kutosoma, hasara ni yako, na unapaswa kuisambaza ile meseji ya malipo kwenda 456 haraka ili ombi la kurudisha lifanyiwe kazi kabla pesa haijatolewa. Lakini kama muuzaji ndiye aliyekupa namba mbovu, mzigo huo ni wake.

Tatu, kurudisha pesa. Umeuziwa jozi, umefika nyumbani, ukagundua ni madume wawili. Muuzaji arudishe bei yote na alipe ya kutuma kwa upande wake, pamoja na ile aliyokatwa mnunuzi mara ya kwanza, kwa sababu kosa ni la muuzaji. Lakini kama njiwa ni wale wale mliopatana, na mnunuzi amebadili nia tu, basi gharama za kwenda na kurudi ni za mnunuzi.

Nne, matapeli. Wamejua tunavyogombana kuhusu ada hizi na wanazitumia. Mtu usiyemjua atakuonyesha picha ya njiwa mzuri kwa bei ya kutupa, kisha atakuambia: "Nitumie kwanza nauli ya mzigo na ya kutoa, nyingine utalipa ukipokea." Ni kiasi kidogo, na kwa udogo wake mtu hasiti. Usitume chochote kwa mtu ambaye hakuna mwenzako anayemfahamu. Na wewe muuzaji, usiachie mzigo kwa kuona meseji tu, maana meseji hughushiwa. Angalia salio lako kwanza.

Mapenzi yakigeuka biashara

Kuna wenzetu ambao wameanza kwa mapenzi na sasa wanauza kila wiki, wengine wananunua ili wauze. Hongereni. Lakini huyo ameshakuwa mfanyabiashara, na mambo mawili yanabadilika kwake.

La kwanza, afikirie kuchukua namba ya till. Mteja anayelipa kwa till hakatwi chochote. Anayekatwa ni mwenye till, asilimia 0.55 ya malipo yanayozidi shilingi 200. Kwa mauzo ya shilingi 1,000 hiyo ni shilingi 5 na senti 50. Mwenye biashara anaiweka katika hesabu zake kama anavyoweka chakula na dawa. La pili, afike ofisi ya biashara ya kaunti katika kaunti ndogo yake aulize kuhusu kibali. Anayeuza jozi moja iliyozidi bandani hana haja ya kuogopa. Anayeuza kila wiki asisubiri kuulizwa.

Ombi langu kwenu

Vikundi vyenu vina kanuni za mchango wa mazishi na za kuchelewa mkutanoni. Nawaomba kabla hatujaondoka leo muongeze kanuni moja fupi ya malipo. Mkitaka, chukueni hii: kabla pesa haijatumwa, muuzaji na mnunuzi waandikiane meseji moja yenye mambo matano. Bei ni kiasi gani. Italipwa taslimu au kwa simu, na kwa namba ipi yenye jina gani. Nani analipa ya kutuma na nani ya kutoa. Nauli ya mzigo ni ya nani. Na kitu kikiwa sicho, kitarudishwa vipi na ndani ya siku ngapi.

Meseji hiyo mnaiandika kwa dakika mbili, na ikibaki kwenye simu zote mbili hakuna atakayesema alisahau. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari letu siku hizi liko kiganjani.

Kama kikundi chenu kitaona ni bora mgawane nusu kwa nusu, gawaneni. Kama mtaona muuzaji abebe zote, na abebe. Pendekezo langu ni la wale ambao hawakupatana lolote. Ninachowasihi ni kwamba neno "na ya kutoa" lisisikike kwa mara ya kwanza baada ya mtu kukubali bei.

 Sasa niko tayari kwa maswali, kuanzia kwa wale waliokuwa wakinitikisia kichwa pale nyuma.