Tumaini Linalokubali Kuulizwa

Mada kwa warsha ya walimu, wazee na viongozi wa vijana, Kaunti ya Kilifi



Niliombwa nizungumzie maana ya maisha na matumaini katika zama hizi. Mada pana namna hii ni rahisi kupotelea hewani, kwa hiyo nimeifunga kwenye kijiji kimoja ambacho wengi wenu mnakijua: Kuruwitu, jirani na Vipingo. Dai langu ni moja. Tumaini la kuaminika ni lile linalokubali kuulizwa maswali na mtu yeyote, hata mdogo, hata asiyesoma. Tumaini linalokataza maswali ni la kuogopwa, hata likija na maandiko mkononi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa Kuruwitu walikuwa wakirudi na samaki wachache, tena wadogo. Sababu zilikuwa zimepandana. Joto la bahari la mwaka 1998 lilikuwa limeua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu. Wavuvi walikuwa wameongezeka, majuya na nyavu za macho madogo zilikuwa zikikokota kila kitu, na samaki wa mapambo walikuwa wakikusanywa mwambani kwa ajili ya wanunuzi wa ng'ambo. Mwaka 2003 wakaazi waliunda chama chao cha hifadhi na ustawi. Mwaka 2005 wakatenga hekta 30 za bahari zisivuliwe kabisa. Hapo awali, maeneo ya matumbawe yaliyofungwa nchini Kenya yalifungwa na serikali. Hapa waliofunga ni wale wale waliokuwa wakila kutoka pale.

Matokeo mnayajua: samaki walirudi ndani ya eneo lile, wengine wakavuka mpaka na kuingia mitegoni mwa wavuvi, vijiji vingine vya pwani vikatenga tengefu zao, yaani sehemu za bahari zisizovuliwa, na mwaka 2017 Kuruwitu ikapewa Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Hayo yameandikwa sana. Mimi navutwa zaidi na ile miaka miwili, kati ya kuundwa kwa chama na kufungwa kwa bahari, ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kuzungumza.

Hebu tuyatazame mazungumzo hayo yalihusu nini. Kumwambia mtu anayelisha watoto kutokana na mwamba ule kwamba auache ni kumweka mbele ya maswali ambayo vyuo vikuu huyapanga kwenye darasa la falsafa. Bahari ni ya nani? Nina wajibu gani kwa mtoto ambaye hajazaliwa? Mtu akiniahidi kesho, kwa nini nimwamini, ilhali jioni hii sina kitoweo? Wapo waliokataa, na hofu yao haikuwa upumbavu. Malindi na Watamu serikali ilitangaza hifadhi za bahari mwaka 1968, na ndani ya hifadhi hizo mvuvi haruhusiwi kuvua. Tena watu wa pwani hii wameona ardhi ya mababu ikiondoka mikononi mwao kwa ahadi tamu. Anayewaita wapinzani wa namna hii wajinga wasiopenda maendeleo anavunja mazungumzo kabla hayajaanza.

Naamini kilichosaidia ni kumbukumbu ya wazee. Mwaka 1995 mwanasayansi wa samaki Daniel Pauly aliandika makala fupi iliyobadilisha namna wataalamu wanavyoitazama bahari. Alisema kila kizazi cha wataalamu huichukua hali iliyokuwepo walipoanza kazi kuwa ndiyo hali ya kawaida, na upungufu wa baadaye wanaupima kuanzia hapo. Kwa njia hiyo hasara ya miaka mia inaweza kupita bila mtu kuiona, kwa sababu kila kizazi kinaona kipande chake tu. Tulete wazo hilo ufukoni. Kijana aliyezaliwa mwaka 1990 hawezi kuhuzunikia samaki kama pono na tafi ambao hakuwahi kuwaona. Ni mzee tu anayeweza kumwambia kwamba kiwango anachokiita kawaida ni mabaki. Na tumaini linahitaji taarifa hiyo, kwa kuwa anayejua kilichowahi kuwepo ndiye anayeweza kuamini kwamba kinaweza kurudi.

Hapa sina budi kusema jambo lenye uchungu. Katika kaunti hii hii wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hizo pana mgogoro wa shamba. Mbali na kuwa ni uhai uliodhulumiwa, na hilo pekee linatosha kutukosesha usingizi, kila mauaji ya namna hiyo yanafuta ushahidi. Kijiji kinachowaogopa wazee wake hakina wa kukieleza kimepoteza nini.

Lakini mzee kukumbuka hakutoshi. Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki mwaka 1995, alitumia miaka mingi kuwatafuta wenye busara vijijini na kuketi nao kwa mahojiano marefu. Alitofautisha aina mbili. Wako wanaoijua mila na kuieleza vizuri, na wakiulizwa kwa nini iwe hivyo, husema ndivyo tulivyorithi. Na wako wanaoijua mila kisha wakaipima, wakakubali hiki na kukataa kile kwa hoja. Oruka alikuwa akiwajibu waliodai kwamba Mwafrika hafikiri kivyake nje ya imani ya kundi. Kwangu mimi, utafiti wake unafaa pia kama mwongozo wa baraza. Mzee wa aina ya pili ndiye anayeweza kumwambia mvuvi mwenzake: baba zetu walivua popote, na hawakukosea, kwa maana walikuwa wachache, sisi tu wengi, kwa hiyo tufanye vingine.

Sasa niitaje Shakahola, maana hatuwezi kuzungumzia tumaini ndani ya Kilifi tukairuka. Mwezi Aprili 2023, katika msitu ulio bara ya Malindi, yalianza kufukuliwa makaburi, na miili iliyopatikana ilizidi 400, mingi ikiwa ya watoto. Mhubiri anayeshtakiwa kwa vifo hivyo amekana mashtaka, na hukumu tuiachie mahakama. Ninalotaka tulitafakari linawahusu waumini waliomfuata kule. Wengi waliacha kazi, wakawatoa watoto shuleni, wakakata mawasiliano na ndugu. Walikuwa wakitafuta majibu ya maswali ya kweli: dunia inaelekea wapi, mateso haya yana maana gani, nani ataniokoa. Tusiwadharau. Tujiulize kwa nini maswali hayo hayakupata pa kuulizwa nyumbani, msikitini, kanisani, shuleni, hata yakapata nafasi porini tu, mahali ambapo jibu lilikuwa tayari na muulizaji wa pili hakutakiwa. Katika kaunti ile ile, wavuvi walikuwa wamefunga bahari kwa ahadi ya kesho. Lakini ahadi yao mtu yeyote angeweza kuipima kwa kupiga mbizi na kutazama, na kama samaki wasingerudi, mkutano ungeitwa upya.

Wala Kuruwitu yenyewe haijamaliza maswali yake. Mwaka 2024 wanasayansi walithibitisha kwamba matumbawe yalikuwa yakipauka kwa joto duniani kote, na mpaka wa maboya hauzuii maji moto. Wenyeji wameendelea kupanda matumbawe kwenye vitalu chini ya maji, wakijua kwamba joto jingine linaweza kuja na kuyaua waliyoyapanda. Nalithamini tumaini hili kuliko lile la tuzo. Wanajua wanachokiweza na wasichokiweza, nao wanakwenda kazini hata hivyo, na ukiwauliza kwa nini, swali lako halitawaudhi.

Mapendekezo yangu kwa mjadala ni ya kawaida kabisa. Shule za pwani ziwatume wanafunzi kwa wazee, wakaandike majina ya samaki waliokuwa wakivuliwa na mahali walipopatikana, pamoja na umri wa msemaji, ili tupate kipimo chetu wenyewe. Viongozi wa dini watenge wakati wa maswali baada ya mawaidha, na muulizaji asiitwe mwenye imani haba. Mikutano ya BMU, vikundi vya wavuvi vinavyosimamia fukwe, isiishie kwenye hesabu na leseni. Angalau mara moja kwa msimu wa kusi na mara moja kwa kaskazi, ijadili kijiji kinataka kuwa nini miaka 20 ijayo. Na tuangalie saa za kuitisha mikutano hiyo. Ikiwekwa wakati wavuvi wanashusha samaki, mama karanga, yaani wanawake wanaokaanga na kuuza samaki, wako ufukoni wakinunua, kisha jikoni wakikaanga, na hao ndio wanaojua kila siku samaki amepanda bei kiasi gani na nani kijijini amelala bila kitoweo. Naomba vikundi vya mchana vianze kwa swali hili: katika kijiji chako, ni nani ambaye hajawahi kuulizwa maoni yake kuhusu kesho, na mkutano ujao uitishwe saa ngapi ili naye aweze kufika?